Kufuli hili linalinda nini? Viunzi vya usanifu wa usalama wa taarifa, vikitazamwa kutoka Lubumbashi

Lori moja la vibamba vya shaba likitoka kiwandani upande wa Kolwezi, likapita Likasi, likafika Lubumbashi na kushuka hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linasindikizwa na namba nyingi kuliko watu. Kuna uzito uliosomwa kwenye mizani. Kuna kiwango cha shaba kilichopimwa maabara. Kuna cheti cha CEEC (kituo cha serikali cha kuthibitisha madini), karatasi za OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), tamko kwa DGDA (idara ya forodha), hati ya msafirishaji, na mwishowe malipo ya mnunuzi yanayoingia benki. Kila namba inakaa katika kompyuta yake na kila kompyuta ina mwenyewe. Fundi wa mizani hajawahi kumwona mhasibu wa Lubumbashi, na mhasibu hajui hata jina la wakala wa mpakani.

Namba moja ikiguswa njiani, hasara ni ya wengi. Mrabaha wa serikali unahesabiwa juu ya namba hizo: tangu kanuni ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, shaba inatozwa asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10. Mnunuzi naye analipa kwa kiwango kilichoandikwa. Sasa uliza katika mkutano wowote wa wakurugenzi: nani analinda mnyororo huo wote, tangu mizani hadi benki? Mkuu wa kompyuta atasema yeye analinda mtandao. Mkuu wa ulinzi atasema ana santineli getini. Mkaguzi atasema anakuja kila mwisho wa mwaka. Pale ambapo majibu hayo hayakutani ndipo mwizi anapopita, na kazi ya kuyakutanisha ndiyo usanifu wa usalama wa taarifa.

Kampuni nyingi kubwa hazina usanifu, zina manunuzi. Baada ya tishio la kwanza ilinunuliwa fayawoli, kizuizi cha kuchuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao. Baada ya ukaguzi ikaja programu ya kuzuia virusi. Baada ya kompyuta kuibwa zikafungwa kamera. Kila kitu kilikuwa na sababu siku ile kiliponunuliwa, lakini hakuna aliyeiandika. Miaka ikapita, aliyenunua akahamia kampuni nyingine, na aliyebaki hathubutu kuzima chochote kwa kuwa hajui kinalinda nini. Kwa maoni yangu hali hii ni ya hatari kuliko upungufu wa pesa, maana pesa zikija zitaongeza vitu vingine visivyo na sababu juu ya vile vya kwanza.

Hapo ndipo washauri wanapoingia na majina ya viunzi vyao, yaani miongozo iliyopangwa ya kufikiria na kujenga usalama: Zachman, TOGAF, SABSA, ISO 27001, NIST, IEC 62443. Mkurugenzi mkuu anauliza, "Sasa shefu, katika hivi vyote tunachukua kipi?" Swali hilo limepoteza watu wengi. Viunzi hivi havigombei nafasi moja. Kila kimoja kilizaliwa kujibu swali lake, na shirika kubwa hukutana na maswali hayo yote.

Maswali sita

Mwaka 1987 John Zachman, akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, alichapisha makala katika jarida la kampuni hiyo. Hakuwa anaandika juu ya wezi wala virusi. Alichokiona ni kwamba mifumo ya kompyuta ya mashirika makubwa ilikuwa imepanuka hadi hakuna mchoro mmoja ulioweza kuieleza yote. Alipowatazama wasanifu wa majengo na watengenezaji wa ndege, aligundua kwamba mwenye mali, msanifu na fundi hutumia michoro tofauti ya kitu kilekile, na kwamba mchoro wa mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya mchoro wa mwingine. Mwaka 1992, pamoja na John Sowa, alipanua kiunzi hicho kikawa jedwali la maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini, na kwa nini. Maswali hayo yanaulizwa upya kwa kila ngazi ya watu, kuanzia mwenye shirika hadi fundi.

TOGAF, iliyotolewa na The Open Group, muungano unaotunga viwango vya teknolojia, mwaka 1995 juu ya msingi wa kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, inajibu swali jingine: tukishajua tulipo na tunapotaka kufika, tuende kwa hatua zipi? Ni mzunguko wa hatua, kutoka maono hadi utekelezaji na kurudi tena, na mahitaji ya shirika yanakaa katikati yakiangaliwa kila hatua. Kama kampuni yako tayari ina wasanifu wanaofuata TOGAF, usalama uingie ndani ya mzunguko wao. Usijenge mzunguko wa pili pembeni. Hata wenye viunzi hivi waliliona jambo hilo: mwaka 2011 The Open Group na taasisi ya SABSA walitoa waraka wa pamoja wa kuonyesha jinsi viwili hivyo vinavyoshikana.

SABSA ndiyo inayostahili tukae nayo zaidi.

Kutoka hofu hadi waya

Mwaka 1995 Mwingereza John Sherwood alianza kujenga njia ya kusanifu usalama kwa mashirika makubwa, akatumia jedwali la maswali sita kama Zachman. Matabaka yake pia ni sita. La juu ni mtazamo wa biashara, la pili ni wa msanifu, la tatu wa mbunifu wa mifumo, la nne wa mjenzi, la tano wa fundi wa kila kifaa, na la sita ni uendeshaji wa kila siku, ambalo linagusa mengine yote. Sita mara sita ni vyumba 36. Ukilitazama jedwali lenyewe linachosha, kwa hiyo tulishushe juu ya jambo moja tu: kile kiwango cha shaba kinachotoka maabara.

Katika tabaka la biashara halitajwi neno lolote la kompyuta. Wakurugenzi wanaulizwa: namba hii ni mali ya aina gani, na ikikosewa nani anaumia? Wanajibu kwamba mnunuzi atalipa pungufu au atakataa mzigo, serikali itadai mrabaha na faini, na jina la kampuni litachafuka. Hofu hizo zinaandikwa na kutiwa saini. Katika tabaka la pili msanifu anazigeuza kuwa sifa ambazo namba hiyo lazima iwe nazo: iwe sahihi, aliyeitoa asiweze kuikana baadaye, iweze kukaguliwa, ipatikane kwa wakati lori linapokuwa getini. Angalia kwamba usiri hauko juu ya orodha. Watu wengi wakisikia "usalama" hufikiria kuficha, lakini hapa namba inapaswa kusomwa na watu wengi sana. Kinachotakiwa ni kwamba wasiibadilishe.

Tabaka la tatu linaweka kanuni: anayepima sampuli si yule anayeidhinisha matokeo, matokeo yakishaidhinishwa hayafutwi, yanasahihishwa kwa ingizo jipya lenye jina na saa. Tabaka la nne linachagua mbinu, kwa mfano saini ya kidijitali na hifadhidata ambayo kumbukumbu za matukio yake zinapelekwa kwenye seva nyingine, ambayo msimamizi wa maabara hana haki ya kuigusa. Tabaka la tano linataja bidhaa yenyewe, toleo lake na jinsi ilivyowekwa. La sita linasema nani anasoma kumbukumbu hizo kila asubuhi, na nini kinafanyika delestaji, yaani mgao wa umeme, ikizima maabara saa nane ya usiku huku malori matatu yanasubiri: je, fundi anaandika kwenye daftari? Daftari hilo linafungiwa wapi? Nani anaingiza namba umeme ukirudi, na nani anamkagua?

Faida ya kazi hii ni kwamba unaweza kutembea pande zote mbili. Ukishuka, kila hofu ya wakurugenzi ina kifaa na mtu wa kuijibu; isiyo na jibu inaonekana wazi kama pengo. Ukipanda, kila kifaa kina hofu iliyokileta. Kisicho nayo kinaweza kuzimwa, na pesa yake ikaenda kwenye pengo. Hakuna orodha ya vifaa inayoweza kukupa hilo, hata iwe ndefu namna gani.

Swali linalodharauliwa zaidi kati ya yale sita ni "lini". Februari 2016 wezi waliokuwa wameingia katika mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma, kwa jina la benki hiyo, amri za malipo za karibu dola bilioni moja kwenda benki ya Federal Reserve ya New York. Walituma usiku wa Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh. Bangladesh iliporudi kazini Jumapili, New York ilikuwa imefungwa, na Jumatatu ilikuwa sikukuu Manila, ambako pesa zilipelekwa. Printa iliyokuwa ikichapisha taarifa za malipo ilikuwa imekwama, na wafanyakazi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Sehemu kubwa ya amri hizo ilizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Wachunguzi wa polisi ya Bangladesh walisema hapakuwa na fayawoli, na kwamba swichi za mtandao zilikuwa za mitumba za bei ndogo. Magazeti yalishikilia habari ya swichi. Mimi nashikilia kalenda: wezi walikuwa wamelijibu swali la "lini" kikamilifu, na benki haikuwa imelijibu. Mwaka huohuo SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana amri za malipo, ilianzisha mpango wa masharti ya usalama kwa wateja wake wote duniani, na sharti mojawapo ni kutenga kompyuta za malipo na mtandao wa kawaida wa ofisi. Kila benki ya hapa Lubumbashi inayotuma fedha kupitia SWIFT inabanwa na masharti hayo.

Orodha na kipimo

ISO 27001 si mchoro wa usanifu, ingawa mara nyingi inauzwa kana kwamba ni huo. Ni kiwango cha kimataifa kinachoeleza jinsi shirika linavyopaswa kusimamia usalama wa taarifa: kujua hatari zake, kuamua, kuandika, kukagua, kurekebisha. Nyuma yake kuna kiambatisho cha vidhibiti, yaani hatua za ulinzi ambazo shirika linaweza kuchukua. Toleo la 2013 lilikuwa na 114. La 2022 lina 93, vimegawanywa mafungu manne: 37 vya shirika, 8 vya watu, 14 vya majengo na mazingira, 34 vya teknolojia. Tazama mgawanyo huo kwa makini. Vya teknolojia havifikii hata nusu. Anayedhani ISO ni kazi ya idara ya kompyuta peke yake hajaufungua waraka wenyewe.

Orodha hiyo ni nzuri kwa kuhakikisha hujasahau kitu. Ni mbaya kama mahali pa kuanzia, kwa kuwa vidhibiti vyote 93 vinaonekana kuwa na uzito sawa, na kampuni inayokimbilia cheti itajaza kwanza vile vilivyo rahisi kuonyesha mkaguzi.

Kiunzi cha NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ni cha aina nyingine. Kilitolewa Marekani mwaka 2014 baada ya amri ya rais ya mwaka uliotangulia kuhusu kulinda miundombinu muhimu. Toleo la 2.0 la Februari 2024 lina kazi sita: kutawala, kutambua, kulinda, kugundua, kuitikia na kurejesha. Hiyo ya kutawala ndiyo iliyoongezwa. Nguvu yake iko katika picha mbili ambazo shirika linajichorea, moja ya lilivyo leo na nyingine ya linavyotaka kuwa. Mkurugenzi asiyejua fayawoli ni nini anaweza kuelewa picha hizo kwa nusu saa. Na karibu kila mara picha ya leo inafichua jambo lilelile: pesa zote zimeingia kwenye kulinda, na kugundua na kurejesha vimebaki na makombo.

Kuhusu kurejesha kuna kisa ambacho sisi wa nchi za umeme wa kukatikakatika tunapaswa kukijua. Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya iliingia katika kampuni ya meli Maersk kupitia programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumiwa Ukraine. Maersk ilikuwa na seva nyingi duniani zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Mpango ulikuwa kwamba moja ikifa, nyingine zitaibeba. Hakuna aliyefikiria zote kufa kwa pamoja, na ndivyo ilivyotokea. Moja tu ilipona, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ilikuwa nje ya mtandao wakati wa shambulio. Kutoka hiyo moja Maersk ilirudisha seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi hivi. Kosa lilikuwa la usanifu: nakala zinazozungumza kila saa zinaambukizana kila saa. Nakala ya akiba ni ile iliyotengwa na mtandao kwa makusudi, na ambayo mtu ameshajaribu kuirejesha kabla ya siku ya msiba.

Ukuta hautoshi

Usalama wa zamani ulijengwa kama lupango, ule uwanja wa nyumba uliozungushiwa: ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti moja na santineli. Aliyepita getini anatembea atakavyo, hadi jikoni, hadi chumbani. Mwaka 2004 wakuu wa usalama wa makampuni kadhaa makubwa waliunda Jericho Forum kusema kwamba ukuta huo unabomoka, kwa kuwa wafanyakazi wako nje, wakandarasi wako ndani, na data iko kwa watu wengine. Mwaka 2010 John Kindervag wa kampuni ya utafiti ya Forrester akaipa hoja hiyo jina la Zero Trust, yaani usimwamini yeyote bila kumthibitisha, na Agosti 2020 NIST ikaandika waraka wake, namba 800-207. Msingi ni kwamba kuwa ndani ya mtandao hakumpi mtu haki yoyote. Kila ombi linathibitishwa upya: ni nani, kwa kifaa gani, anataka kitu gani, sasa hivi.

Wauzaji wanaiweka Zero Trust kwenye katoni. Haiuzwi kwenye katoni. Ni kanuni ya tabaka la tatu la jedwali letu, na haiwezi kuwekwa kabla ya kujua watumiaji wako ni akina nani. Katika kampuni yenye wakandarasi wanaobadilika kila msimu, wengi wakitumia akaunti moja yenye neno la siri lililobandikwa ukutani, hatua ya kwanza ni orodha ya majina iliyo sahihi. Kazi hiyo ni ngumu, haina sifa, na inahitaji idara ya wafanyakazi kuliko idara ya kompyuta.

Pamoja na hayo, ukuta wako una wapangaji usiowaona. Julai 2021 shambulio liliikumba Transnet ya Afrika Kusini, na bandari zake za makontena, Durban ikiwamo, zikatangaza kwamba haziwezi kutimiza mikataba. Durban ni mojawapo ya milango ambayo shaba ya Katanga hupitia kwenda baharini. Katika safu ya "wapi", kampuni ya Lubumbashi inapaswa kuandika Durban, Dar es Salaam na Lobito, ingawa haimiliki kompyuta hata moja huko.

Kiwandani sheria zinageuka

Viunzi vingi nilivyoeleza hadi hapa vilikua katika mazingira ya ofisi. Kwenye matangi ya asidi ya salfuriki na mabwawa ambamo shaba inavutwa kwa umeme, ukivihamisha kama vilivyo unaweza kuua mtu. Ofisini, akaunti inayojifunga baada ya kukosea neno la siri mara tatu ni jambo jema. Katika chumba cha kuongoza mitambo, mhudumu aliyefungiwa nje wakati vali ya asidi inapaswa kufungwa ni ajali iliyosanifiwa. Huko uhai na uendeshaji vinatangulia, na usiri unakuja mwisho.

Kwa ajili hiyo kuna IEC 62443, viwango vya kimataifa vya usalama wa mifumo ya viwandani. Inagawa kiwanda katika kanda, kila ukanda ukiwa na vitu vyenye hatari inayofanana, na njia chache zilizotajwa za kupitisha taarifa kati ya ukanda na ukanda. Kila ukanda unapewa kiwango cha kinga, kutoka 1, cha kuzuia makosa ya bahati mbaya, hadi 4, cha kumkabili mshambuliaji mwenye uwezo kama wa serikali ya nchi. Uzuri wake ni kukubali kwamba kompyuta ya mtambo inaweza kukaa miaka bila kusasishwa kwa sababu kuisimamisha ni kusimamisha uzalishaji. Kwa hiyo kinga inawekwa kwenye njia inayoifikia.

Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilivamiwa kupitia akaunti ya kuingilia mtandao kutoka mbali, iliyokuwa na neno la siri pekee bila uthibitisho wa hatua ya pili. Kompyuta zilizofungwa zilikuwa za ofisi. Hata hivyo kampuni ilizima bomba lake lote la mafuta yenyewe, kwa kuhofia uvamizi ungefika kwenye mitambo. Wakurugenzi wa migodi wanaoweza kuonyesha mstari kati ya ofisi na mtambo kwenye karatasi moja wana usanifu. Wasioweza watazima kiwanda kama Colonial.

Pa kuanzia

Usijaze vyumba 36. Chagua mnyororo mmoja wa thamani, kama ule wa lori la shaba, na ujaze matabaka mawili ya juu pamoja na watu wanaoufanyia kazi, akiwamo mama wa mizani. Mwache azungumze Kiswahili chake, na kanuni itakayotoka ibandikwe mizani kwa Kiswahili pia. Waraka wa Kifaransa cha mwanasheria hauongozi mkono wa mtu wa zamu ya usiku. Mkurugenzi mkuu atie saini mwenyewe. Akikataa kutia saini hofu zake, simamisha kazi hadi akubali, maana maamuzi yote ya chini yatakosa mwenyewe.

Kisha picha mbili za NIST, za mnyororo huo tu. Kisha orodha ya ISO ili kuona kilichosahauliwa. Katika safu ya "kwa nini" ongeza sheria: tangu Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile Kanuni ya Dijitali, Kongo ina masharti juu ya data binafsi na makosa ya kimtandao, na kampuni inayotunza alama za vidole za wafanyakazi na faili za hospitali za familia zao inaguswa moja kwa moja. Vifaa vinunuliwe baada ya hapo. Cheti kikihitajika na wanunuzi, kitafutwe. Kisipohitajika, kazi haijapungua thamani.

Kitakachobaki kigumu ni misamaha. Kila usanifu unapogusana na kazi, mtu anaomba apite nje ya kanuni: mtambo wa zamani usiokubali saini ya kidijitali, mkandarasi anayehitaji kuingia kutoka mbali wiki hii tu, akaunti ya bosi. Wengine wana haki, na kuwakatalia wote kutawafanya wapite kwa siri. Kwa hiyo weka daftari moja la misamaha, kila mmoja ukiwa na hofu inayoguswa, kinga ya muda, jina la mkurugenzi aliyekubali kubeba hatari hiyo, na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, njia inafungwa, na anayetaka ifunguliwe tena anaenda kusaini upya mbele ya wenzake.